Mwanamuziki Aliyekutwa Njiani

Msafiri wa Reli ya Kati ya zamani alijua kwamba sehemu kubwa ya safari ni kungoja. Njia ilikuwa moja, na kwa sababu hiyo treni iliyotoka bara haikuwa na budi kusimama kituoni mpaka ile iliyotoka pwani ipite. Katika kungoja huko, miaka mingi iliyopita, sisi tulishuka kwenye kituo cha Saranda, katika nchi ya Wagogo, ili tunyooshe miguu. Mbali kidogo na akina mama waliouza kuku na mayai, chini ya mti, alikaa mzee mmoja akipiga zeze. Lilikuwa zeze la kibuyu, la nyuzi mbili, na upinde wake ulikuwa umeshikwa kwa mkono uliochoka. Lakini sauti iliyotoka pale ilikuwa kama ya watu watatu wanaojibizana. Mzee aliimba kwa sauti nyembamba ya juu, kisha akashuka ghafla mpaka kwenye sauti ya kifua, na zeze likamfuata kama mtoto anavyomfuata mama yake. Tulisimama tukashangaa. Kisha filimbi ikalia, tukakimbilia mabehewa, treni ikaondoka. Hatukumwuliza jina.

Kosa hilo dogo ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Historia ya muziki katika bara letu ina mikutano mingi ya namna ile: msafiri anapita, anasikia, anasimama. Iliyo mingi imeishia pale ilipoanzia, kama ya kwetu pale Saranda. Michache imebadilisha muziki wa nchi nzima. Tutaeleza mkutano mmoja wa aina hii ya pili, uliotokea mwaka 1952 katika mji wa Likasi, huko Katanga, nchini Kongo. Na baada ya kuueleza tutajaribu kuyapima maneno mawili ambayo watu huyatumia kwa wepesi mno wanaposimulia habari za namna hiyo, yaani neno "bahati" na neno "kugundua".

Yafaa kwanza tuuelewe mji wenyewe. Katika mwaka 1952 Kongo ilikuwa ingali chini ya Wabelgiji, na mji wa Likasi uliitwa Jadotville. Uhai wake ulikuwa shaba. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Na tangu hapo migodi iliendelea kuita watu kutoka pande zote. Walikuja Waluba, Walunda na Wabemba. Walikuja watu wa Kasai, wa Rwanda na wa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Watu hawa wa lugha nyingi walihitaji lugha moja ya kazini na mitaani, na lugha hiyo ikawa Kiswahili. Kikachukua maneno na lafudhi za mahali pale mpaka kikawa Kiswahili cha Katanga, ambacho mtu wa Unguja huenda akatabasamu akikisikia, lakini atakielewa.

Pamoja na watu yalikuja magitaa. Gitaa lilikuwa chombo kilichomfaa kibarua: mtu mmoja aliweza kulibeba begani, akalipiga peke yake, asihitaji kundi la ngoma ambalo lilibaki kijijini. Zilikuja pia sahani za santuri kutoka ng'ambo, na vijana wakazisikiliza kwa makini. Lakini mkono uliozishika nyuzi za gitaa lile haukuwa mkono mtupu. Ulikuwa mkono wa watu waliozoea malimba na vyombo vingine vya jadi, ambavyo sauti zake hupishana na kusokotana. Na wataalamu wa muziki wameona undugu kati ya vidole vinavyocheza malimba na vidole viwili, gumba na cha shahada, ambavyo wapigaji wa Katanga walivitumia kwenye gitaa.

Katika mji huo aliishi kijana aliyeitwa Mwenda Jean Bosco. Alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, na hapa msomaji wa Tanzania anapaswa kutulia kidogo, kwa maana Bunkeya si jina geni katika historia yetu. Ndiyo makao makuu ya dola ya Wayeke, iliyojengwa katika karne ya 19 na Msiri, mwana wa mfanyabiashara Kalasa, aliyetoka upande wa Usumbwa na Unyamwezi, magharibi ya nchi hii. Watu wale walifuata shaba na pembe za ndovu, wakafanya biashara ya watumwa pia, na hatimaye wakatawala eneo kubwa. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na wajumbe wa msafara wa kikoloni uliotaka asalimishe nchi yake. Dola ikavunjika, lakini watu hawakutoweka. Mwenda alikuwa mmoja wa Wayeke hao, na katika maisha yake aliitwa pia Mwenda wa Bayeke. Hivyo basi, katika mitaa ya mji wa migodi, kilometa mamia kutoka Usumbwa, gitaa lilikuwa mikononi mwa kijana ambaye watu wake wanazitaja njia za misafara zilizoanzia kwetu.

Sasa tumtazame msafiri. Hugh Tracey alizaliwa Uingereza mwaka 1903, akaenda Rhodesia ya Kusini, yaani Zimbabwe ya leo, mwanzoni mwa miaka ya 1920 kulima tumbaku katika shamba la kaka yake. Huko alijifunza lugha ya Wakaranga waliofanya kazi shambani, akajifunza na nyimbo zao. Walowezi wenzake waliziona nyimbo hizo kuwa kelele. Yeye aliziona kuwa elimu. Mwaka 1929 aliwachukua vijana 14 wa Kikaranga mpaka Johannesburg ili sauti zao zinaswe kwenye santuri. Tangu hapo hakuiacha kazi hiyo. Mwaka 1950 alipita Tanganyika na Kenya, na mwaka 1952 alikuwa tena njiani, safari hii mpaka Kongo.

Kazi yake haikuwa ya mtu anayetembea mikono mitupu. Alisafiri na gari lililobeba kinasa sauti, na umeme wake ulitoka katika jenereta iliyowekwa mbali, ikaunganishwa kwa waya mrefu ili mngurumo wake usiingie katika wimbo. Kipaza sauti alikishika mwenyewe mkononi, akakisogeza kwa mwimbaji, kisha kwa chombo, kadiri sikio lake lilivyomwongoza. Na baada ya kila wimbo aliandika: jina la mwimbaji, kabila, lugha, mahali, tarehe, chombo, na maana ya maneno. Tunaomba msomaji aikumbuke tabia hii ya kuandika, kwani tutairudia.

Basi mwaka 1952, katika barabara ya Jadotville, Tracey alimkuta Mwenda akipiga gitaa. Hakuwa amemfuata, hakuwa na barua ya kumtambulisha wala hakuwa ameagizwa kwake na mtu. Alimsikia, akasimama, na akamrekodi papo hapo. Miongoni mwa nyimbo zilizonaswa katika mkutano ule ulikuwa wimbo uitwao "Masanga", ambao tangu siku hizo umehesabiwa kuwa mojawapo ya kazi bora za gitaa katika Afrika nzima.

Kitu gani kilimsimamisha msafiri yule? Mtu anayemsikia Mwenda kwa mara ya kwanza hudhani kwamba anasikia magitaa mawili. Kidole gumba kinatembea kwenye nyuzi nene, kikishika mwendo usiotetereka, kama mguu wa mtu anayejua aendako. Wakati huo huo kidole cha shahada kinacheza juu, kwenye nyuzi nyembamba, kikiuliza na kujijibu, kikichelewa kidogo kisha kikiwahi. Wimbo haurudiwi vile vile: kila unaporejea, mpigaji anabadilisha kitu, hapa anaongeza noti, pale anaacha pengo. Juu ya hayo yote anaimba kwa Kiswahili, kwa utulivu, kana kwamba mikono ile si yake. Ufundi huo haupatikani kwa siku moja. Ni matunda ya mazoezi ya miaka, yaliyofanywa baada ya kazi, na kusikilizwa na majirani waliojua kutofautisha mpigaji na mpigaji.

Matokeo ya mkutano ule yalikwenda mbali kuliko alivyoweza kufikiri yeyote kati ya wawili wale. Santuri za Mwenda zilitolewa na kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, zikauzwa na kuchezwa Afrika ya Mashariki na ya Kati. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliishi kwa muda Nairobi, akawa na kipindi chake katika redio, na vijana wengi wa Kenya wakajifunza kupiga kwa vidole kwa kumsikiliza. Ndugu yake wa muziki, Edouard Masengo, naye alipita njia hiyo hiyo ya Nairobi. Kiswahili kilirahisisha safari hiyo, kwani msikilizaji wa Nairobi, wa Tabora au wa Bujumbura hakuhitaji mkalimani. Mwaka 1969 Mwenda alipiga gitaa lake katika tamasha la Newport huko Marekani. Alifariki Septemba 1990 katika ajali ya gari nchini Zambia, akiwa na umri wa miaka 60.

Hiyo ndiyo habari yenyewe. Sasa turudi kwenye maneno yetu mawili.

Neno la kwanza ni bahati. Ni kweli kwamba Tracey angeweza kupita barabara nyingine, au saa nyingine, wasionane. Lakini tukiichambua bahati hiyo tunaona kwamba imejengwa kwa mambo ambayo si ya bahati. Mwenda alikuwa amejifunza mpaka akaiva. Mtaa ulikuwa umempa nafasi ya kupiga na watu wa kumsikiliza. Msafiri alikuwa na sikio lililofunzwa kwa miaka 30, hata akajua, katika kelele za mji, kwamba hii si sauti ya kawaida. Alikuwa na chombo cha kunasia. Na zaidi ya yote alikuwa tayari kusimama. Wangapi walipita barabara ile siku ile ile, maofisa na wafanyabiashara, wakamwona kijana mwenye gitaa na wasisikie kitu? Wote hao walikuwa na bahati ile ile aliyokuwa nayo Tracey. Lakini bahati hiyo iliwapita, kama ilivyotupita sisi pale Saranda.

Neno la pili, kugundua, ni zito zaidi. Watu wa makamo watakumbuka vitabu vya shule vya wakati wa ukoloni vilivyotufundisha kwamba Rebmann aligundua Mlima Kilimanjaro mwaka 1848, na kwamba Speke aligundua ziwa Nyanza mwaka 1858. Mchagga aliyelima migomba mlimani, na Msukuma aliyevua samaki ziwani, hawakuhesabiwa kuwa wamekwisha kuviona. Watu husema vivyo hivyo kwamba Tracey alimgundua Mwenda. La hasha. Mwenda hakuwa amepotea. Watu wa mtaa wake walimjua, waliomba nyimbo zake, na hukumu yao ndiyo iliyomkomaza. Alichofanya Tracey ni kitu kingine, nacho kina thamani yake: aliichukua sauti iliyojulikana mahali pamoja akaifikisha mahali pengi, tena ikiwa na jina la mwenyewe. Tumpe sifa hiyo kamili, lakini tusimpe sifa isiyo yake.

Tofauti hii si ya maneno tu. Anayeaminishwa kwamba kitu kimegunduliwa huona kwamba mgunduzi ndiye mwenye haki juu yake. Tuchukue mfano wa Solomon Linda, Mzulu aliyeimba wimbo "Mbube" mjini Johannesburg mwaka 1939. Alilipwa fedha kidogo sana; wimbo ukavuka bahari, ukapewa maneno na jina jingine, ukaingiza mali nyingi kwa watu wengine, naye akafa maskini mwaka 1962. Warithi wake walipata suluhu ya madai yao mwaka 2006 tu. Sauti ya mtu inaweza kusafiri dunia nzima na kumwacha mwenyewe nyuma.

Kuna na suala la mahali zinapokaa sauti hizo. Mwaka 1954 Tracey alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika karibu na Johannesburg. Baada ya kufariki kwake mwaka 1977, maktaba hiyo ilihamishiwa katika mji wa Grahamstown, ambao sasa unaitwa Makhanda. Humo zimehifadhiwa sauti za babu na bibi zetu: za Wagogo, za Wanyamwezi, za Wahehe, za Waganda na wengine wengi. Laiti zisingenaswa, zingekwisha potea. Lakini kwa miaka mingi wajukuu wa walioimba hawakujua hata kwamba zipo.

Miongoni mwa sauti hizo ni za wasichana wa Kikipsigis, walioimba huko Kapkatet, Kenya, mwaka 1950, wimbo juu ya kiumbe aitwaye Chemirocha, ambaye kwa maelezo aliyoyaandika Tracey alikuwa nusu mtu na nusu paa. Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye santuri zake zilifika vijijini. Wasichana wale nao walikuwa wamesikia sauti ya mgeni iliyopita njiani, wakaisimamisha, wakaifanya yao. Katika miaka ya 2010 watafiti walizirudisha kanda hizo Kapkatet, wazee na vijana wakakaa pamoja kuwasikiliza watu wao. Kurudisha huko ndiko kunakoikamilisha kazi ya kunasa.

Jambo jingine tunalojifunza linahusu sikio lenyewe. Tracey alipenda zaidi muziki wa jadi, na aliogopa kwamba vyombo vya kigeni vingeuharibu. Kwa kawaida yake, gitaa barabarani halikuwa kitu alichokitafuta. Hata hivyo alipomsikia Mwenda aliliamini sikio lake kuliko kanuni yake. Nasi tuna desturi ya kubishana kama gitaa ni utamaduni wetu au si wetu. Jibu liko katika "Masanga": chombo kilitoka ng'ambo, lakini mwendo wa vidole, lugha ya maneno, na jinsi sauti zinavyosokotana ni vya watu wenyewe. Utamaduni wa taifa haupimwi kwa mahali mti wa gitaa ulipokatwa, bali kwa kile ambacho watu wamekifanya nalo.

Wala hatupaswi kudhani kwamba msafiri wa namna hii ni lazima atoke Ulaya. Taifa nalo linaweza kuwa msafiri mwenye sikio. Katika miaka ya 1960 sifa za mpigaji mmoja wa Kigogo, Hukwe Zawose, zilimfikia Rais Julius Nyerere, naye akaitwa Dar es Salaam kushiriki katika muziki wa taifa. Ilimba na zeze za Ugogo zikatoka uwanja wa kijiji zikaingia jukwaani, na baadaye darasani, kwa kuwa Zawose alikuwa mwalimu katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilichoanza mwaka 1981. Mpaka alipofariki mwaka 2003 alikuwa amepiga muziki wake katika nchi nyingi, na alikuwa ameacha wanafunzi na watoto wanaoendelea nao. Tofauti ni kubwa: Mwenda alichukuliwa sauti akaachwa alipokuwa, Zawose alipewa mahali pa kufundishia. Sauti iliyonaswa hudumu kama kumbukumbu, lakini sauti iliyofundishwa hudumu ikiwa hai.

Tunamalizia kwa walimu na wanafunzi, kwa sababu wao wamo katika kila wilaya, na wanasafiri kuliko mtu mwingine yeyote: kwenda shuleni, kurudi likizo, kwenda kwenye michezo na mitihani. Kinasa sauti ambacho Tracey alikibeba kwa gari zima, leo kinakaa katika simu ya mkononi. Jenereta na waya mrefu havihitajiki tena. Kilichobaki ni sikio na adabu. Ukimkuta mpigaji stendi, sokoni, msibani au chini ya mwembe, simama. Msalimu kwanza, msikilize mpaka amalize, umwombe ruhusa. Kisha mwulize jina lake, kijiji chake, jina la wimbo, jina la chombo na aliyemfundisha. Uyaandike hayo pamoja na tarehe. Umpe nakala yeye kabla ya kumpa mtu mwingine. Na kama inawezekana, mwalike shuleni, akae mbele ya watoto, kwa maana hapo ndipo kumbukumbu inapogeuka kuwa masomo.

Sisi tulirudi Saranda baada ya miaka kadhaa. Mti ulikuwepo, na akina mama wenye kuku walikuwepo. Tulimweleza mmoja wao habari za mzee wa zeze, tukaonyesha kwa mikono jinsi alivyoshika upinde. Alitusikiliza kwa subira, kisha akatuuliza swali moja, swali ambalo hatukuwa na jibu lake: "Alikuwa anaitwa nani?"